Alama ya Sawasawa

Jumapili iliyopita mtoto wa dada yangu, aliyeko Kidato cha Pili, alinijia nyumbani na daftari la Kiingereza, uso ameukunja. Katika zoezi la kutafsiri walipewa sentensi hii: "The meeting was put off because of the rain." Yeye aliandika: "Mkutano ulizimwa kwa sababu ya mvua." Mwalimu alimwekea alama ya kosa kwa wino mwekundu, bila neno jingine pembeni.

"Mama mdogo, nimekosea wapi?" aliniuliza. "'Put off the light' si ndiyo zima taa? Na mvua si inazima?"

Sikumjibu mara moja. Nililichukua lile daftari nikalifungua kurasa za nyuma, wanakoandika msamiati. Nilikuta mstari uliochorwa kwa rula katikati ya ukurasa, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, na kati yake safu ya alama za sawasawa zikishuka hadi chini. Mstari wa sita ulisomeka: put off = zima. Mstari huohuo, kwa maneno hayohayo, niliuandika mimi mwaka 1986.

Mtoto yule si mzito wa akili, na kosa lake lina mantiki kuliko alama nyekundu inavyodai. Katika Kiswahili moto huzimwa, taa huzimwa, na mgomo pia huzimwa, maasi huzimwa, hoja ya mtu huzimwa kikaoni. Mkutano unaweza kabisa kuzimwa, polisi wakija na virungu. Kila neno katika sentensi yake ni Kiswahili safi. Kilichopotea ni jambo moja tu: mkutano ule bado upo, unasubiri siku nyingine. Jambo hilo moja liliwahi kunigharimu kazi.

Nilianza Kidato cha Kwanza katika shule ya bweni ya wasichana huko Lushoto. Darasa la kwanza hadi la saba nilisoma kwa Kiswahili, kama karibu watoto wote wa shule za msingi za serikali tangu 1967, kisha katika mlango wa sekondari kila kitu kikageuka Kiingereza kwa asubuhi moja. Umeme wetu ulikuwa wa jenereta. Saa nne usiku matroni alipita kati ya vitanda vya ghorofa na tochi yake, akisema kwa sauti ile ile kila siku: "Put off the lights!" Taa zilizimwa, baridi ya Usambara ikabaki nasi gizani. Hakuna aliyetueleza maneno yale. Tuliyaelewa kwa sababu giza lilifuata. Kesho yake, mwalimu wa Kiingereza alipotaka maneno kumi mapya, niliandika put off, nikachora alama yangu ya sawasawa, nikaandika zima. Akanipa vema.

Wiki hiyohiyo, kanisani, nilikuwa na Biblia mbili mapajani, ya Kiswahili na ile nzee ya Kiingereza, tafsiri ya Mfalme James ya 1611. Somo lilikuwa la Musa mbele ya kijiti kinachowaka moto. Pale Musa anapoamriwa kuhusu viatu vyake, Kiingereza kile kikongwe kilitumia put off, na Kiswahili kilisema vua. Nilishtuka. Viatu navyo vinazimwa? Nilimfuata mwalimu wa dini baada ya ibada, nikamwonyesha kwa kidole. Alinitazama kwa upole akasema hicho ni Kiingereza cha zamani, hakiji kwenye mtihani. Basi nikafunga Biblia zote mbili na lile swali nikalifungia humo.

Laiti mtu angenifungulia siku ile. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu, tena katika lugha niliyonyonya nayo. Kiswahili kina namna yake ya kuondoa kilichokwisha kuwekwa, na tunaifanya mwishoni mwa kitenzi bila hata kufikiri: tunafunga na kufungua, tunaziba na kuzibua, tunabandika na kubandua, tunaanika na kuanua, tunavaa na kuvua. Sauti ndogo tu mkiani na tendo lote linageuka. Mwingereza mkia huo hana. Anachukua kineno kifupi, anakiacha kisimame peke yake nyuma ya kitenzi, kionekane kama neno huru. Off yake kwa asili ni kutengana, kutoka mahali, kuwa mbali na kitu. Hata of, ile tunayofundishwa kuwa ni "ya", ilikuwa neno hilohilo zamani kabla hayajaachana kwa tahajia na kwa kazi. Ukivitenga viatu na miguu, umevivua. Ukiutenga mwanga na chumba, umeuzima. Ukilitenga jambo na siku yake, je? Hapo ndipo nilipojikwaa.

Mwaka 1993 niliitwa kwenye usaili wa kazi ya ukarani na tafsiri katika ofisi moja ya Dar es Salaam. Nilipanda basi kutoka Korogwe nikiwa na sketi ya dada na viatu vya jirani, nikafikia kwa shangazi Magomeni. Asubuhi ya usaili nilifika getini kabla ya saa mbili. Kwenye ubao wa matangazo palibandikwa karatasi moja, maandishi ya taipu, kona moja imeng'oka pini na inapepea: "Interview put off. Await further notice."

Nilisimama pale muda mrefu. Further sikuwa nayo hakika, lakini put off nilikuwa nayo tangu Lushoto, na vema yake juu. Usaili umezimwa. Niliona mbele yangu swichi, kidole na giza. Wasichana wawili waliokuwa nyuma yangu waliniuliza, wakijua nimesoma, nami niliwaambia kwa uhakika kwamba imekwisha, hawaajiri tena. Wote watatu tukaondoka. Kesho yake nilipanda basi kurudi nyumbani, kwa kuwa kumlia shangazi chakula bila sababu ni jambo la aibu. Simu za mkononi hazikuwapo. Baada ya mwezi mmoja nilikutana na kijana tuliyesoma naye kidato cha sita, akaniambia kwamba wiki ile ile ilibandikwa karatasi ya pili yenye tarehe mpya, usaili ulifanyika, na yeye alikuwa kazini tayari.

Nimewafikiria wale wasichana wawili miaka yote hii kuliko nilivyoifikiria kazi yenyewe. Majina yao sikuyauliza. Niliwatafsiria neno kwa sauti ya mtu anayejua, wakaniamini.

Kiingereza kinatofautisha mambo mawili ambayo daftari langu halikuyatenga. Jambo likifutwa moja kwa moja, wanasema limekuwa called off. Likisogezwa mbele, limekuwa put off. Vyote viwili vina off, lakini katika kimoja jambo limeitwa liondoke lisirudi, na katika kingine limewekwa kando ya siku yake, lipo rafuni, litachukuliwa tena. Ndiyo maana put off hupenda sana kufuatana na until na tarehe, na called off haina cha kungojea. Tangazo lile nalo liliniambia ningoje. Sentensi yake ya pili ilikuwa inaieleza ya kwanza waziwazi, na mimi sikuisikiliza kwa sababu nilikuwa nimeshashika jibu mkononi.

Miaka kumi baadaye nilipata nafasi ya kusoma Leeds, Uingereza, kwa mwaka mmoja, nikipanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Usiku wa kwanza nilimuuliza, kwa Kiingereza changu cha bwenini, kama ni-put off taa ya ukumbini. Alinielewa, akajibu kwa upole kwamba ndiyo, "turn it off". Baadaye niligundua kwamba pale mtaani, kwa taa na redio, wengi walitumia turn na switch. Matumizi yetu si kosa, wapo Waingereza wanaosema hivyohivyo hadi leo, ila kitenzi ambacho kwangu kilikuwa ni taa na taa tupu, kwao kilikuwa kimehamia zaidi kwenye shughuli nyingine. Shughuli yenyewe niliiona jikoni mwake.

Jumamosi moja alinitolea jibini yenye mishipa ya ukungu wa buluu, harufu imejaa chumba kizima. Aliona uso wangu. Akanisogezea kipande juu ya biskuti akasema, "Don't let the smell put you off." Nilibaki na biskuti mkononi, nikijaribu funguo zangu mbili moja baada ya nyingine. Harufu isikuzime? Harufu isikuahirishe? Mlango haukufunguka kwa ufunguo wowote kati ya hizo. Yeye akacheka kidogo, akabana pua yake kwa vidole, akala kipande chake, akaniashiria nami nile. Nikaelewa kwa pua kabla ya kichwa: harufu isikutoe hamu. Isikukinaishe.

Chumbani usiku ule niliiandika sentensi nzima kwenye karatasi, pamoja na jibini yake na harufu yake. Na nilipoitazama imeandikwa niliona kitu ambacho hakuna mwalimu aliyewahi kunionyesha. Yule you amekaa katikati, kati ya put na off. Mwingereza hasemi "put off you", kama ambavyo hasemi "put off it". Kiwakilishi lazima kiingie ndani: put you off, put it off. Jina kamili lina uhuru wa kukaa nje au ndani, put off the meeting au put the meeting off, lakini kiwakilishi hakina. Nasi je? Isi-ku-toe. Nime-i-zima. Tume-u-ahirisha. Kile kitendwa kidogo kinaketi tumboni mwa kitenzi vilevile. Kwa miaka kumi na saba nilikuwa nimekariri kanuni ile kama sheria ya ugenini, kumbe tumboni mwa kitenzi changu mwenyewe ilikuwamo.

Niliporudi nilianza kufundisha Kiswahili kwa wageni jijini Dar es Salaam, na kazi hiyo ndiyo ninayoifanya hadi leo. Somo kubwa kuliko yote juu ya put off nililipata humo, kutoka kwa mwanafunzi aliyekuwa hajui kwamba ananifundisha. Alikuwa kijana kutoka Uingereza, mwenye bidii ya kuhuzunisha, anayesoma magazeti yetu kila asubuhi kwa kalamu. Siku moja alikuja na kipande cha gazeti alichokikata kwa mkasi. Kichwa cha habari kilisema kesi fulani imepigwa kalenda. Alikuwa amepigia mstari maneno mawili ya mwisho mara tatu, mstari wa mwisho umetoboa karatasi.

"Mwalimu," aliniuliza, "nani alipiga kalenda, na kwa nini mahakama inakubali?"

Nikamwomba daftari lake. Mstari wa rula katikati. Kiingereza upande mmoja, Kiswahili upande wa pili. Na pale, kwa mwandiko safi kabisa: piga = hit.

Nilitazama lile daftari nikajiona nimesimama getini 1993. Kijana huyu alikuwa amejifunza kwamba piga ni kugonga kwa mkono au fimbo, na sasa anazunguka katika mji ambamo watu wanapiga simu, wanapiga pasi, wanapiga deki, wanapiga picha, wanapiga mswaki, wanapiga kura, wanapiga magoti, wanapiga hodi. Katika hayo yote, ni wapi fimbo? Na akitoka kwenye piga anakutana na kula, ambako watu wanakula kiapo, wanakula njama, wanakula hasara, na hakuna sahani. Wanafunzi wangu waliwahi kuniambia kwamba Kiswahili ni rahisi hadi piga. Kabla ya siku ile sikuwahi kuwasikiliza vizuri.

Nilimweleza kwamba kesi haikufutwa. Mahakama imetazama kalenda, imetafuta siku nyingine, imeisogeza. Aliinua uso akasema, kwa lugha yake, "Oh, they put it off." Nilisimama na chaki mkononi. Tafsiri ile niliyokuwa nikiitafuta tangu Kidato cha Kwanza alinipa Mwingereza, na ilikuwa ni maneno ambayo shangazi yangu wa Magomeni aliyasema kila siku juu ya watu wasiolipa madeni: fulani ananipiga kalenda. Lingekuwa hilo ndilo lililoandikwa kwenye daftari langu, pale getini nisingetikisika.

Tangu hapo nimeona jinsi lugha hizi mbili zinavyofanana nyumbani mwao. Mwingereza ana postpone, neno lenye asili ya Kilatini lililovaa suti, na ana put off, la jikoni. Sisi tuna ahirisha, mgeni wa heshima kutoka Kiarabu, ndugu wa akhera kwa mzizi wake, na tuna piga kalenda, la mtaani. Vitabu vya shule vinatupa yale ya suti. Mtoto wa Kitanzania anafika sekondari akakutana na extinguish, remove, postpone, discourage, anayashika yote manne moja moja, kwa kuwa kila moja lina sura yake. Halafu anakutana na mtu wa kawaida anayezungumza, kumbe kazi zote nne zinafanywa na vineno viwili vya herufi tatu tatu ambavyo yeye alifikiri amevimaliza siku ya kwanza. Kwa hili hatuko peke yetu. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake kubwa ya Kiingereza ya 1755, alikiri kwamba kitenzi kilichofungiwa kineno nyuma yake ndicho kinachowapa wageni taabu kubwa kuliko yote katika lugha yake. Hata jina ambalo Waingereza wanaliita kundi hili la vitenzi lilienea baada ya kitabu cha Logan Pearsall Smith cha 1925. Wenye lugha waliishi navyo karne nyingi bila kuvipa jina hilo, kama sisi tunavyoishi na piga.

Basi Jumapili ile nilimkalisha mtoto wa dada yangu mezani. Sikumpa tafsiri sahihi. Nilimsimulia visa vyangu hivi, kisha nikamuuliza jambo moja: katika sentensi hii, ni nini kinachokuwa put off? Akasema mkutano. Nikamuuliza, bwenini ni nini? Taa. Kwa Musa? Akafikiri, akasema viatu. Na kwa jibini ya yule bibi? Akanyamaza, kisha akasema polepole, "Mtu." Nikamwambia aandike hayo manne kila moja kwenye mstari wake, na sentensi nzima mbele yake, pasipo alama ya sawasawa popote. Kitu kinachotendwa ndicho kinachotoa maana. Taa huzimwa, viatu huvuliwa, jambo lenye siku yake hupigwa kalenda, mtu hutolewa hamu. Nilimwongezea moja la sarufi, kwa kuwa nililiona kwenye ukurasa wa pili: alikuwa ameandika "I put off to go". Kiswahili chetu kinasema niliahirisha kwenda, na ile ku yetu ndiyo inayomvuta kwenye to. Kiingereza hapo kinataka going.

Kisha nikampa kazi ya kinyume. Nilimwambia anieleze piga kalenda kana kwamba mimi ni mgeni niliyeshuka uwanja wa ndege jana. Alijaribu, akakwama, akacheka, akajaribu tena. Ilimchukua karibu nusu saa. Alipomaliza alikuwa anajua kitu ambacho alama nyekundu isingemfundisha: kwamba yeye mwenyewe, kila siku, anasema maneno ambayo jumla yake haipatikani kwa kujumlisha, na kwamba hajawahi kuyakosea kwa sababu aliyapokea yakiwa mazima, pamoja na mahali pake na watu wake.

Walimu wa Kidato cha Kwanza wana madarasa makubwa na muda mchache, na mtihani una haraka zake. Najua kuwa orodha ya maneno kumi kwa siku ni rahisi kusahihisha. Lakini naomba Kiswahili kisifukuzwe darasani pale ambapo ndicho kingemvusha mtoto. Mwalimu akitumia dakika tano juu ya vaa na vua, off haitakuwa ngeni. Akitaja piga kalenda, darasa zima litacheka na halitasahau.

Nanyi wazazi, leo jioni fungueni daftari la msamiati la mtoto wenu, kurasa za nyuma. Mkikuta mstari wa rula, neno moja kushoto, neno moja kulia na alama ya sawasawa kati yake, kaeni naye kidogo, mumwulize kila neno alilisikia wapi, nani alilisema, na lilikuwa juu ya kitu gani. Asipojua, tafuteni sentensi pamoja naye kabla hajaenda kulala.